Mtoto Aliyesomwa Kabla ya Kuzaliwa

Binti yao walimwita Malkia kwa utani wa baba yake, enzi zile ambazo bado walikuwa wakicheka. Unamwita mtoto, hageuki. Unampigia makofi, hageuki. Unamwekea vyakula, anakuja kwa wakati wake, anachagua vya rangi moja, anavila, anaondoka. "Malkia haitwi," alisema baba yake, fundi wa majokofu ambaye hakukosa neno la kuchekesha hata akiwa amelala chini ya friji bovu. "Malkia huendewa."

Mama yake alikuwa msusi. Chumba cha mbele kilikuwa saluni, chenye viti viwili na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na nyuma ya pazia ndiko walikoishi. Wateja walimpenda kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito. Siri ukimpa, umeizika. Lakini Malkia alipotimiza miaka mitatu bila kusema hata "mama", wateja ndio walioanza kuwa na midomo. Mmoja alisema ulimi umefungwa kwa chini, ukatwe. Mwingine alisema apelekwe kuombewa. Mashine ya kukaushia nywele ikiwashwa, Malkia alijiziba masikio kwa viganja na kulia mpaka sauti imkauke, na mteja aliyekaa chini ya mashine alijifanya anasoma simu yake.

Hospitalini wakasema ni usonji. Wakaeleza kuwa si laana wala si malezi mabaya. Ubongo wake umejengwa kwa namna nyingine, na mengi atajifunza kwa njia zake. Msusi aliuliza lile ambalo mama yeyote angeuliza: "Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu," wakamwambia.

Lilikuwa jibu jema, lakini halikufika kwa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na jibu lake. "Mimi nimezaa saba, hakuna aliyenichungulia," alisema. "Wewe kila mara unakwenda kumulikwa tumbo, unamfunua mtoto kama chungu jikoni. Chungu kinachofunuliwafunuliwa hakiivi, mwanangu." Aliyasema hayo bila hasira, huku akimfunga Malkia kamba za viatu, na ndiyo maana yaliuma. Bibi yule alimpenda mjukuu wake. Alikuwa na uchungu anautafutia mahali pa kuutua, akapaona pa karibu.

"Mama, acha hayo," alisema Fundi. Hakusema kwamba si kweli.

Kwa hiyo nesi wa kliniki ya watoto alipomweleza Msusi kuhusu utafiti, alikubali kabla nesi hajamaliza. Watafiti walitaka kuzitoa picha za zamani za ultrasaundi, zile zilizopigwa watoto wakiwa tumboni, na kuzilinganisha: za watoto ambao sasa wana usonji, za ndugu zao, na za watoto wengine wasio na usonji. Walitaka kujua kama kuna lolote lililoonekana mapema kwenye figo, moyo, au kichwa. Picha za Malkia bado zilikuwepo kwenye kompyuta za hospitali.

"Na mtaweza kusema kama mashine ndiyo iliyomharibu?" Msusi alimuuliza daktari aliyeongoza kazi ile.

Daktari huyo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na tabia yake ilikuwa moja: ukimuuliza swali, hulijibu, hazunguki. "Mashine haikumharibu," alisema. "Hiyo ni kama kukilaumu kioo kwa sura. Sisi tunauliza kama kioo kilionyesha kitu ambacho hakuna aliyejua kukisoma."

Msusi alilibeba neno lile mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Hatimaye kungekuwa na karatasi ya watu waliosoma ya kumwonyesha mama mkwe. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo daktari alilifurahia: Msusi alikuwa mjamzito tena. Walihitaji sana wadogo wa watoto wenye usonji, wapigwe picha mapema, kisha wafuatiliwe wakue.

Mimba ilipofika nusu, mumewe alifunga kibanda chake cha ufundi akamsindikiza. Chumba cha kipimo kilikuwa na baridi, kitanda chembamba, na pazia la plastiki lililokatika ndoano mbili. Mpimaji alimpaka ile dawa ya utelezi tumboni, na Fundi akauliza kama na yeye anaweza kupakwa, kwa kuwa kitambi chake nacho kina muda mrefu na hakijawahi kuonwa na mtaalamu. Wote walicheka. Kwenye kioo akaonekana mtoto, uti wa mgongo kama mkufu, mkono mmoja juu ya uso.

"Anaona haya," alisema Fundi. "Huyu wa kwangu."

Mpimaji alipima, akarudia kupima. Akaacha kuongea. Kisha akatoka na kurudi na daktari. Daktari alitazama kwa muda, akamsaidia Msusi kukaa, akavuta kiti ili asiongee akiwa amesimama.

"Kuna alama mbili ndogo," alisema. "Njia ya mkojo kwenye figo moja imetanuka kidogo. Na kichwa ni kipana kidogo kuliko tulivyotarajia kwa umri huu wa mimba. Nisikilizeni vizuri. Watoto wengi sana wanakuwa na alama hizi na hawana tatizo lolote. Figo tutaiangalia akizaliwa. Siwaambii kwamba huyu ana kitu."

Fundi hakuwa akicheka tena. "Na Malkia? Kwenye picha zake za zamani, alikuwa nazo?"

"Utafiti huu hautabiri mtoto mmoja mmoja. Unatazama kundi."

"Nimeelewa, daktari. Nauliza. Alikuwa nazo?"

Daktari aliitazama tena picha kwenye kioo. Baadaye, miaka ilipopita, alimwambia Msusi kwamba alitamani siku ile angesema hajui. Lakini picha alikuwa amezisoma, na mtu alikuwa amemuuliza.

"Alikuwa na moja," alisema. "Ya kichwa."

Kuanzia hapo hakuna neno lingine lililoingia masikioni mwa Fundi. Daktari alieleza tena, akachora vitone kwenye karatasi kuonyesha watoto wengi wazima wenye alama na wachache wasio nazo ambao wana usonji. Fundi alitikisa kichwa kwa adabu kila mara, kama anavyotikisa mteja anayeelezwa kwamba friji lake halitengenezeki.

Nje, kwenye ngazi za hospitali, alimuuliza mkewe, "Bado kuna muda?"

"Muda wa nini?"

Alilitazama tumbo lake, akayaondoa macho. Msusi alielewa, akashuka ngazi peke yake, ameshika ukuta.

Hawakugombana, na laiti wangegombana. Fundi alianza kuchelewa kurudi kutoka kazini. Akiwepo, alikaa mbali na tumbo kama mtu akaavyo mbali na jiko lenye moto. Malkia alipolia kwa sababu ya mashine ya nywele, yeye ambaye zamani alikuwa akimbeba mabegani na kumtembeza nje mpaka atulie, sasa alikaa akitazama sakafu na kuhesabu mlio ule mara mbili: huyu, na yule ajaye. Akapata kazi kwenye kiwanda chenye vyumba vya baridi, mji wa mbali.

"Nitatuma matumizi," alisema akifunga begi. "Sikuachi, Mama Malkia. Nakwenda kazini."

"Baba Malkia, nitazame unaponiambia."

Alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mmoja nimejitahidi," alisema. "Wewe unajua nimejitahidi. Wa pili siwezi. Nisamehe, siwezi."

Mtoto alizaliwa wa kiume. Figo ilipimwa ikakutwa safi. Mama mkwe alikuja kumuogesha, akamwita "mume wangu", kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na majirani wakamwita Bwana Mdogo. Baba yake alituma matumizi na pongezi kwa simu. Hakuja.

Hapo ndipo Msusi alipojua kwamba hawezi kumpenda mtoto huyu kama watu wanavyopenda watoto. Kila alichofanya kilikuwa mtihani. Akinyonya, alimtazama kama anamtazama machoni au anatazama taa. Akilala sana, aliogopa. Akiwa macho sana, aliogopa. Alijificha nyuma ya kiti akimwita kwa sauti ndogo aone kama atageuka, na akigeuka, alisema moyoni, labda ni kelele ya nje iliyomgeuza, akamwita tena. Mtoto akimchekea, aliupima ule mcheko badala ya kuujibu. Usiku na mchana alikuwa akimsoma kama mpimaji alivyomsoma siku ile, na Malkia, aliyekuwa mbele ya macho yake kutwa nzima, akawa ndicho kipimo. Kila jema la mdogo lilikuwa ubaya wa mkubwa. Aliliona hilo likitokea moyoni mwake, na hakuweza kulizuia.

Bwana Mdogo alinyoosha kidole. Alikuwa amebebwa mlangoni na paka akapita ukutani, naye akamnyooshea kidole, akamgeukia mama yake, akamtazama usoni kuona kama naye ameona. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Aliweka kitana chini, akaenda nyuma ya pazia, akalia huku akiuma taulo.

Alipofikisha miaka miwili, daktari alicheza naye kwenye zulia la kliniki kwa muda mrefu, vijiti na mwanasesere na mpira, akaandika, kisha akasema, "Huyu hana usonji." Alitabasamu, alikuwa akimjua mtoto tangu akiwa kivuli. Msusi alishukuru. Njiani kuelekea nyumbani, akiwa amembeba mmoja na kumshika mwingine mkono, alijiona mwepesi, karibu aimbe. Kisha akamtazama Malkia, aliyekuwa akitembea kwa vidole vya miguu na kunusa sehemu ya juu ya mkono wake mwenyewe, akaona haya mbele ya mtoto asiyejua kwamba ameonewa haya.

Mama mkwe alimpigia mwanawe simu siku ileile. "Mzima! Anaongea kama kasuku, ananitukana kabisa!" Na Fundi akaja.

Alikuja na viatu vipya vya mtoto na begi la matunda, akakaa kwenye kiti cha wateja kwa sababu hakujua tena akae wapi. Bwana Mdogo alimzunguka mara tatu kisha akapanda magotini pake. Malkia alipita, akachukua tunda moja, la njano, akarudi kwenye kona yake. Baba yake alimfuata kwa macho mpaka kona ile, akayaondoa.

"Kule ninakoishi kuna shule nzuri," alisema. "Mama atakuja kukaa nami, atamlea. Hapa anakulia kwenye moshi wa nywele na vilio. Wewe mwenyewe mikono miwili haikutoshi."

"Unataka kumchukua mtoto."

"Nataka kumsaidia mwanangu."

"Una wanao wawili."

Mama mkwe alikuwa akikunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa.

"Ulimkimbia akiwa tumboni," alisema Msusi. "Kwa vitone vya karatasi. Sasa amekuwa mzima ndiyo umekuwa baba? Ondoka nyumbani kwangu, Baba Malkia. Matunda yako chukua."

Akaondoka. Na pengine hadithi ingeishia pale, na ingekuwa hadithi ya mwanamke shujaa, kama maisha yangemwacha mtu kwenye siku yake nzuri.

Mwaka uliofuata, kabla ya sikukuu, saluni ilijaa. Kila mtu alitaka asukwe. Malkia alikuwa na miaka saba, na kelele zilikuwa zimemchosha tangu asubuhi. Msusi alikuwa anamaliza kichwa cha mteja mmoja. Rasta zikishakwisha kusukwa, ncha zake huchovywa kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke, na sufuria ya maji hayo ilikuwa juu ya stuli, inatoka moshi. Mtu nje akapiga honi ndefu. Malkia akainuka, akapita katikati ya wateja, akatoka mlangoni mbio kuelekea barabarani.

Msusi alitupa kila kitu akamkimbilia. Alimkamata ukingoni mwa barabara, lori likiwa limefunga breki, dereva anatukana. Akamkumbatia kwa nguvu, mtoto anajipiga kichwani, na akiwa amemshika hivyo ndipo aliposikia kutoka ndani ukelele wa yule mwingine. Bwana Mdogo alitaka kuona kilichomo ndani ya sufuria. Alivuta taulo lililokuwa chini yake.

Maji yalimuunguza bega na mkono mpaka kwenye vidole. Wodini walimfunga bandeji nyeupe kubwa kuliko yeye. Kwa kuwa Malkia hakuweza kukaa wodini, na hakukuwa na mtu wa kumwachia ila jirani aliyemfungia ndani kwa kumwogopa, Msusi alilala nusu kwa mmoja na nusu kwa mwingine, na hakuna aliyempata mzima. Bwana Mdogo alipolia, "Mama usiende," alikwenda. Alipofika nyumbani, alimkuta Malkia amejiuma mikono.

Fundi alikuja hospitalini. Hakumlaumu. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akamshika mtoto mkono mzima, na alikuwa mpole, yule mpole wa zamani, na Msusi aliona kwamba ingekuwa rahisi kumchukia kama angepiga kelele.

"Mchukue," alisema.

"Mama Malkia, si lazima leo."

"Nimekwambia mchukue. Kabla sijabadili mawazo. Mimi siwezi kuwaokoa wote wawili, na mmoja wao hana mtu mwingine."

Mama mkwe, aliyesimama mlangoni, alimkumbatia kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Nitakulelea," alisema akilia. "Wallahi nitakulelea kama jicho langu." Msusi aliacha akumbatiwe. Mikono yake mwenyewe ilikuwa inaning'inia.

Walimchukua mara tu bandeji zilipotolewa. Alimfungia nguo, akamwekea na mpira wake.

Lililomvunja lilikuja baadaye. Malkia alianza kutafuta. Asubuhi alitoka nyuma ya pazia, akaenda kwenye kiti cha kwanza, akainua taulo, akatazama chini yake. Akaenda kwenye kiti cha pili. Akafungua kabati la mafuta. Akaenda mlangoni, akasimama. Kesho yake vilevile. Miaka yote ile Msusi hakuwahi kumwona akimtafuta mtu, wala yeye mama yake. Alidhani Bwana Mdogo kwake alikuwa sawa na stuli. Siku moja Malkia akiwa ameinama chini ya kiti cha mteja, alitoa sauti, si neno, ila ilikuwa na umbo la neno, lile ambalo ndugu yake alikuwa akimwitia. Mteja akasema, "Ah, mtoto anajifunza kuongea!" Msusi akaendelea kusuka.

Aliyasimulia hayo kwa daktari wa utafiti kwenye ziara ya mwisho. Daktari aliacha kuandika.

"Matokeo yenu yametoka?" Msusi aliuliza.

"Yametoka. Kwenye kundi, watoto wenye usonji wana alama zile mara nyingi zaidi kidogo. Ni jambo la maana kwa kuelewa usonji unaanza lini. Na inaonyesha kwamba mama hakuusababisha kwa jambo alilofanya baada ya kuzaa."

"Na kwa mtoto mmoja?"

"Kwa mtoto mmoja hazisemi kitu."

"Ungemwambia hivyo baba yao."

"Nilimwambia," alisema daktari kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," alisema Msusi. "Ulimwambia."

Alipewa nakala ya ripoti. Alikuwa ameisubiri miaka yote hiyo ili amwonyeshe mama mkwe, lakini mama mkwe sasa alikuwa mji mwingine anamlea Bwana Mdogo, na hakuwa na neno baya tena kwake hata moja. Kila simu alisema, "Mwanangu, Mungu akutunze." Hapakuwa na kesi ya kushinda.

Bwana Mdogo aliletwa likizo, akiwa ameanza shule. Alikuwa amerefuka. Kovu la begani lilikuwa limefifia na kung'aa kama karatasi. Alisimama mlangoni mwa saluni, akavuta pumzi, akasema, "Shikamoo," kama alivyofundishwa kuwaamkia wageni.

"Marahaba, mwanangu. Njoo."

Alikuja, akakumbatiwa, akavumilia. Bibi yake akamsukuma kidogo: "Mwendee dada yako." Malkia alikuwa anatoka nyuma ya pazia. Alikuwa ameshaacha kutafuta siku nyingi. Mdogo wake alimwita kwa jina lake, mara moja, mara mbili, akatabasamu kwa haya. Malkia alimpita kama anavyompita mteja, akaenda kukaa kwenye kona.

"Hanikumbuki," alisema Bwana Mdogo.

"Anakukumbuka," alisema Msusi, na hakujua kama anadanganya.

Jioni, wakati anamkatia tunda, alimsikia akimnong'oneza bibi yake upande wa pili wa pazia: "Bibi, tunarudi nyumbani lini?"

Kesho yake walikuwa na safari. Msusi aliwasindikiza mpaka nje tu, kwa kuwa hakuweza kumwacha Malkia, akawapungia mkono mpaka wakakata kona. Ndani, mteja alikuwa ameshakaa kitini na nywele zake zimefumuliwa nusu. Akauliza yule ni mtoto wa nani, mzuri hivyo.

Msusi alichukua kitana. Akagawa nywele katikati, mstari ulionyooka, akaanza.